Vijana wenzangu, hiyo kadi haijajaa

Ukishuka matatu pale Kenol, mahali barabara ya Murang'a inapoachana na ile ya Sagana na Nyeri, kitu cha kwanza kukupokea ni moshi wa nyama choma. Cha pili ni vibanda vya simu. Nyuma ya vibanda hivyo kuna chumba cha mabati tunachokodi mimi na wenzangu watano, na kwa zaidi ya mwaka mmoja tumekuwa tukikiita maktaba. Usicheke. Vitabu vya karatasi humo ndani havifiki hamsini, lakini juu ya rafu, kando ya soketi, kuna kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, saizi ya kitambulisho chako, na ndani yake ndimo ilimo maktaba yenyewe.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Mwanafunzi anaingia, anaunganisha simu aliyoazima kwa mzazi au moja ya laptopu zetu mbili kuukuu na Wi-Fi ya ile kompyuta, na bila bando ya hata shilingi moja anasoma Wikipedia ya Kiswahili, masomo ya Kolibri na karatasi za KCSE za miaka iliyopita. Halafu kulikuwa na kitu ambacho hungekipata kwingine kokote: madokezo ya historia na Kiswahili ambayo mwalimu mmoja mstaafu wa hapa kwetu alikuwa ameyachapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, mihula miwili mizima.

Nasema "kulikuwa" kwa sababu madokezo hayo niliyafuta mimi. Haikuwa virusi, wala mwizi, wala stima kupotea. Ni mimi, kwa kubonyeza mara moja tu, kwa kuwa sikujua kadi ya memori hugawanywa vipi. Naandika ili wewe usirudie, na pia kwa kuwa naamini kosa langu si langu peke yangu. Sisi vijana wa leo tunajua kununua vifaa na kuvitumia. Kuvitunza tumewaachia wengine, na hao wengine mara nyingi hawapo.

Tulivyonunua nafasi tusiyoitumia

Kompyuta yetu haina diski. Kila kitu, kuanzia mfumo endeshi hadi karatasi ya mwisho ya hesabu, kinakaa kwenye kadi ya memori kama ile ya simu. Wafadhili walipotupa, ilikuja na kadi ya GB 16. Mwezi wa Agosti, Kidato cha Nne wakiwa mbioni kudurusu, kadi ikajaa. Kurasa zikagoma kufunguka. Mwalimu akijaribu kuhifadhi dokezo jipya, skrini inamwambia nafasi imekwisha.

Tukafanya ambacho msee yeyote angefanya: tukachanga. Sh1,200 zikaenda kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na steji, akatuuzia kadi ya GB 64. Sh300 zikaenda kwa fundi wa kutukopia kadi ndogo kwenye kubwa. Fundi akakopi, akafuta video chache alizoona hazina kazi, akachomeka, mambo yakawaka. Tukapongezana. Ile kadi ya zamani mwenzetu mmoja akaitia kwenye simu yake, simu ikaifomati, akajaza nyimbo.

Wiki mbili baadaye ujumbe ukarudi ule ule. Nafasi imekwisha.

Hebu fikiria hasira. GB 64 zimeliwa na nini kwa wiki mbili? Nikaichomoa kadi, nikaitia kwenye laptopu yenye Windows. Dirisha la kwanza likaniambia nina MB 256. Si GB, ni MB! Nikatangaza pale pale mbele ya watu kwamba yule mama ametuuzia mbuzi kwenye gunia. Dirisha la pili likatokea, likasema diski hii haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, je, niifomati? Mimi huyo, damu imechemka, nikabonyeza ndiyo.

Kisha nikaenda kwa mama na kadi mkononi. Niliyomwambia sitayarudia hapa. Alinisikiliza hadi mwisho, wateja wake wakitazama. "Kijana," akasema, "hiyo kadi ni nzima. Nenda uulize wanaojua. Wakikwambia ni feki, rudi, nitakupa pesa zako mbele ya hawa wote."

Aliyejua alikuwa dada mmoja anayesomea uhandisi huko Nyeri, amekuja kwao likizoni. Akachomeka kadi kwenye laptopu yake ya Linux, akaandika neno moja la herufi tano, lsblk, akanigeuzia skrini. Kadi nzima: GB 59.5. Sehemu ya kwanza: MB 256. Sehemu ya pili: GB 14.6. Baada ya hapo hakuna kitu. GB zaidi ya 44, yaani karibu robo tatu ya kadi, zilikuwa hazijaguswa na mtu tangu zitoke kiwandani.

"Haikuwa imejaa," akaniambia, "na wala si feki. Shida yenu ilikuwa mpaka."

Hati ya robo ekari

Sisi watu wa Murang'a na Nyeri hatuhitaji kufundishwa habari za mipaka. Kuna familia ambazo hazisalimiani kwa ajili ya futi mbili za shamba na mstari wa itoka uliopandwa na babu. Basi ichukulie kadi ya memori kama shamba.

Mwanzoni kabisa mwa kadi kuna orodha fupi. Inasema kiwanja cha kwanza kinaanzia hapa na kuishia pale, cha pili kinaanzia hapa na kuishia pale. Hiyo ndiyo hati ya shamba, na viwanja vyenyewe ndivyo wataalamu huviita patisheni. Kwenye Raspberry Pi kwa kawaida huwa viwili: kidogo, chenye faili za kuiwasha kompyuta, na kikubwa, chenye mfumo endeshi pamoja na mali yako yote. Kompyuta haitembei shambani na futi kupima. Inasoma hati. Hati ikisema robo ekari, italima robo ekari, hata kama ulilipia ekari nzima.

Fundi alipokopi kadi ya GB 16 kwenye ya GB 64 alikopi kila kitu, hati ikiwemo. Ni kama kuchukua fotokopi ya hati ya robo ekari ukaipeleka kwenye shamba la ekari moja. Ardhi ipo, unaiona kwa macho, lakini karatasi haiitambui. Tukawa tumenunua nafasi mara nne ya ile ya zamani na bado tunabanana mle mle.

Huenda unajiuliza mbona rafiki yako aliyeweka mfumo mpya kwenye kadi kubwa hakukutana na shida hii. Tangu 2016, mfumo rasmi wa Raspberry Pi hujipanua wenyewe siku ya kwanza unapowashwa: unapima kadi, unasogeza mpaka hadi mwisho. Lakini kazi hiyo hufanywa mara moja tu. Ukikopi kadi kutoka kwa kompyuta iliyokwisha kutumika, mfumo unaona hiyo ni kazi ya zamani iliyokamilika, haujisumbui tena.

Na zile MB 256 zilizonitia wazimu? Hicho ni kile kiwanja kidogo cha kwanza. Kimeandikwa kwa mtindo wa FAT32, ambao Windows inauelewa. Kiwanja cha pili kimeandikwa kwa ext4, mtindo wa Linux, ambao Windows ya kawaida haiusomi. Ikikutana na kitu isichokielewa, inadhani ni diski tupu au mbovu, inajitolea kuifomati. Haina nia mbaya. Ni kama mgeni asiyejua Gikuyu anayeokota barua ya cucu yako mezani na kwa kuwa haelewi hata neno moja anauliza, "Hizi takataka nitupe?" Nami nikamjibu, tupa.

Kwa hivyo weka hili kichwani: ukitia kadi ya Raspberry Pi kwenye Windows, ikakuuliza kama ifomati, jibu ni hapana. Kila mara. Hata kama umekasirika. Hasa kama umekasirika.

Kazi yenyewe ni dakika chache

Kilichoniuma zaidi ni kugundua kwamba dawa ilikuwa rahisi kuliko ugonjwa. Naieleza hapa kwa ufupi, kwa sababu najua kuna kituo, shule au kanisa lenye kompyuta kama yetu imewekwa kabatini ikisemekana imeharibika.

Kwanza, nakala. Kabla hujagusa mpaka wowote, chukua faili zako mwenyewe, zile zisizopatikana kwingine, uziweke kwenye flashi au laptopu. Wikipedia utaipakua tena. Madokezo ya mwalimu hutayapakua popote. Ukiweza, hifadhi kadi nzima kama faili moja la imeji. Kusogeza mpaka ni salama mara nyingi, lakini stima ikipotea katikati ya kazi unaweza kupoteza kila kitu, kwa hivyo fanya kazi hiyo kompyuta ikiwa kwenye pawabenki yenye chaji au ukitumia laptopu yenye betri nzima.

Pili, tazama kabla ya kuamua. Fungua terminali, andika lsblk. Itakuonyesha ukubwa wa kadi na ukubwa wa kila kiwanja. Kisha andika df -h. Hiyo itakuambia kila kiwanja kimejaa kiasi gani. Kadi ikiwa kubwa na kiwanja kidogo, shida ni mpaka. Kiwanja kikiwa sawa na kadi na bado kimejaa, basi kweli umejaza, futa au nunua. Usishtuke kuona kadi ya GB 64 ikisoma 59 na kitu. Watengenezaji huhesabu kwa elfu, kompyuta huhesabu kwa 1,024. Hujaibiwa.

Tatu, panua. Kwenye mfumo wa Raspberry Pi andika sudo raspi-config, ingia kwenye Advanced Options, chagua Expand Filesystem, kisha uiwashe upya. Imeisha. Kama mfumo wako ni mwingine, chomoa kadi, itie kwenye laptopu ya Linux, fungua programu ya GParted na uvute ukingo wa kiwanja cha mwisho hadi mwisho wa kadi.

Kuna mambo mawili yanayofanyika hapo, na ni vizuri kuyajua hata kama programu inakufanyia. La kwanza ni kurekebisha hati ili kiwanja kiishie mbali zaidi. La pili ni kuuambia mfumo wa faili uanze kulima sehemu hiyo mpya. Ukifanya la kwanza ukasahau la pili, lsblk itaonyesha kiwanja kikubwa huku df -h ikisisitiza kimejaa. Wengi hukwama hapo wakidhani wamechanganyikiwa. Amri ya resize2fs ndiyo inayokamilisha kazi kwenye ext4.

Na kuna sheria moja ambayo mpima ardhi yeyote angekupa: jiwe la mwanzo lisiguswe. Unasogeza mwisho wa kiwanja, si mwanzo. Ukihamisha mwanzo kiholela, kompyuta itaanza kusoma mahali pasipo, na kwake hiyo ni kadi isiyo na kitu. Vilevile, unaweza kupanua tu kuelekea mahali palipo wazi na panapokupakana. Kama kuna kiwanja kingine kimekaa mbele yako, huwezi kumruka jirani.

Mwisho, kadi feki zipo, sikatai. Kuna zile zilizochezewa zionyeshe GB 128 ilhali ndani ni 8. Lakini feki hupimwa, haishukiwi tu. Programu za bure kama F3 kwenye Linux na H2testw kwenye Windows hujaza kadi kwa data kisha huisoma tena kuona kama iliyoingia ndiyo inayotoka. Kadi zetu pia huzeeka. Ikianza kukataa kuandikwa chochote hata baada ya kufuta faili, hiyo imechoka, na hakuna kupanua kutakakoiokoa. Ningepima kadi yetu kwanza, ningemwondolea yule mama aibu ya bure.

Nani ataifungua siku ikijaa?

Hadi hapo unaweza kusema hii ni habari ya kijana mmoja mwenye hasira na kadi moja ya Sh1,200. Mimi naiona kubwa kuliko hiyo.

Mwaka 2013 nchi hii iliahidiwa laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Kufikia 2016 ahadi ikawa tableti, na JKUAT, pale Juja kwenye barabara yetu hii hii ya Thika, ikawa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuziunganisha. Sasa tunaambiwa kuhusu vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kila wadi, na kilomita 100,000 za faiba. Mimi sipingi hata kimoja. Nikiona faiba inachimbiwa kando ya barabara kuu ya Kenol hadi Marua nitapiga makofi. Lakini tuulizane ukweli: siku utepe unakatwa, nani anafundishwa kitakachofanywa siku kadi ikijaa?

Sisi tulipopokea kompyuta yetu tulipewa mafunzo ya saa tatu. Tulifundishwa kuiwasha, kuunganisha simu na kufungua masomo. Hakuna aliyetuonyesha kadi yenyewe. Hakuna aliyetamka neno patisheni. Tulifundishwa kama abiria, na gari lilipozima tulibaki tumekaa ndani tukingoja dereva ambaye hakuwepo. Mafunzo mengi ya kidijitali ninayoyaona vijana wakialikwa ni ya aina hiyo: jinsi ya kutafuta kazi mtandaoni, jinsi ya kufungua akaunti, jinsi ya kuuza kupitia simu. Ni mazuri, na kuna watu yamewapa chakula. Lakini yote yanaanzia pale kifaa kikiwa kizima.

Na tusiwasingizie wakubwa peke yao. Sisi wenyewe tunaogopa terminali kama nyoka. Skrini nyeusi yenye maandishi meupe tunaiachia wale tunaowaita wataalamu, kisha tunajisifu eti ni kizazi cha dijitali. Simu ikijaa tunanunua simu. Kadi ikijaa tunanunua kadi. Kuuliza kwa nini imejaa tunaona ni kupoteza muda, na hapo ndipo pesa zetu zinapoishia. Sh1,500 tulizotumia zilikuwa nusu ya kodi ya chumba chetu kwa mwezi.

Wapo watakaosema si kila mtu awe mhandisi. Kweli kabisa. Si kila mtu mtaani anajua kurekebisha transfoma, lakini kila nyumba kuna mtu anayejua mahali swichi kubwa ilipo. Ninachodai ni kiasi hicho. Kila kituo chenye kompyuta kiwe na angalau vijana wawili wanaojua kuweka nakala, kusoma lsblk, kupanua kiwanja na kukataa dirisha la kufomati. Wawili, kwa sababu mmoja akipata kazi Nairobi kituo kisife. Hayo ni mafunzo ya siku moja, si ya diploma. Wafadhili wanaogawa kompyuta hizi wayaweke kwenye bajeti kabla ya fulana na mabango.

Wengine watasema siku hizi kila kitu kiko kwenye klaudi, kadi za nini? Huyo namwalika chumbani kwetu saa kumi na moja jioni. Atakuta wanafunzi kumi na wawili, na wenye bando pengine ni wawili. Kwao maktaba ni ile kadi. Ikifa, klaudi haiwafai kwa lolote.

Na uwezo tunao, tena karibu. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi pale Nyeri, watafiti wametumia kompyuta ndogo za aina hii hii kurekodi sauti za ndege na kunasa picha za wanyama katika hifadhi ya chuo. Kifaa kinaachwa porini, kinarekodi, na kila sauti na kila picha inakula nafasi. Mtu anayefanya kazi hiyo hawezi kumudu kadi yenye robo tatu iliyolala bila yeye kujua. Raspberry Pi yenyewe ilianza kuuzwa 2012 kwa dola 35, ikiwa imeundwa Uingereza ili vijana wachezee kompyuta kwa ndani bila kuogopa kuharibu kitu cha bei ghali. Sisi tumeigeuza sanduku lililofungwa, tukaliweka juu ya rafu, tukakataza watoto wasiliguse.

Ndiyo maana nasema kituo kama chetu kiwe na kadi moja ya majaribio. Ya bei rahisi, hata ya GB 8. Mwanafunzi aiweke mfumo, aigawe, aipanue, aiharibu, aanze upya. Akiiharibu hakuna kilio. Mtoto aliyewahi kuharibu kadi ya mchezo mara tatu hataharibu ya kweli. Mimi sikuwa nimewahi kuharibu yoyote, kwa hivyo niliharibu ile iliyokuwa na kazi ya watu.

Deni lililobaki

Dada wa uhandisi alijaribu kuokoa kilichookoka. Kwa programu ya kutafuta faili zilizofutwa alipata picha kadhaa na karibu nusu ya madokezo ya Kiswahili, majina ya faili yakiwa yamepotea yote. Ya historia yalikwenda. Kisha akaweka mfumo mpya kwenye kadi ile ile, ukajipanua wenyewe hadi GB 59 bila kuulizwa. Tulipakua upya tulivyoweza kupakua. Kadi hiyo ndiyo inayofanya kazi hadi leo.

Kwa mama nilirudi siku iliyofuata. Nilihakikisha wateja wapo, kama walivyokuwepo nilipomtukana, nikasema nilikosea. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa. Lakini siku nyingine uanze kuuliza." Tangu hapo kadi zetu zote tunanunua kwake, na akipata mteja anayelalamika kadi imejaa ghafla humtuma kwetu kwanza.

Kwa mwalimu ilikuwa vigumu zaidi. Nilimkuta nyumbani kwake akipalilia sukuma wiki, nikamweleza yote, hata sehemu ya kubonyeza ndiyo. Hakunikemea. Aliuliza swali moja tu: "Nakala nyingine mliweka wapi?" Sikuwa na jibu. Akaingia ndani, akarudi na daftari tatu za zamani alizokuwa akifundishia, nyingine kurasa zimeliwa na mchwa. "Mimi macho yamechoka," akasema. "Chapeni ninyi."

Kidato cha Nne wa mwaka ule waliingia kwenye mtihani bila madokezo hayo. Hilo siwezi kulipanua wala kulirudisha kwa amri yoyote. Msichana mmoja aliyekuwa akija kila jioni kuyasoma aliniuliza mara mbili yatarudi lini, kisha akaacha kuuliza.

Sasa kila Jumamosi asubuhi tunachapa, watu wawili kwa zamu, mmoja akisoma daftari na mwingine kwenye kibodi. Jumamosi iliyopita tulimaliza sura ya Maumau. Kabla ya kufunga chumba tunakopi kila kitu mara mbili: flashi moja inabaki na mimi, nyingine anaichukua mwalimu, anaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti na kufunga kifungo. Halafu mwanafunzi wa zamu anaandika df -h, anasoma namba kwa sauti, tunaiandika ukutani kwa chaki. Wiki hii tumetumia GB 31. Zimebaki 26, na sasa tunajua zilipo.